Ukame Haushiki Bunduki

(Maandishi ya hotuba iliyotolewa na wakili mmoja mbele ya mkutano wa wanamageuzi)



Nimetakiwa nizungumze juu ya mvua, mavuno na vita. Huenda baadhi yenu mnajiuliza wakili ana shughuli gani na mvua. Jibu langu ni fupi. Kila mara damu inapomwagika katika wilaya zetu kavu, hutolewa taarifa mbili. Serikali husema: huu ni ukame, watu wanagombea maji na malisho. Sisi tulio upande wa mageuzi nasi hujibu: hapana, hizi ni siasa, kuna watu wamechochewa. Kisha maiti huzikwa, na kila upande hurudi nyumbani ukiamini umekwisha kueleza yaliyotokea. Kwa mtu wa sheria, hilo ni swali la dhima. Ikiwa aliyeua ni ukame, hakuna wa kushtakiwa, hakuna wa kuulizwa, wala hakuna wa kuondolewa madarakani. Ndiyo maana ni lazima tuuchunguze ushahidi kwa makini, hata pale unapotuudhi sisi wenyewe.

Nianze na ushahidi unaoiunga mkono kauli ya serikali, kwani haki hudai hivyo.

Mwaka 2004 wataalamu watatu wa uchumi na siasa, Edward Miguel, Shanker Satyanath na Ernest Sergenti, walichapisha utafiti juu ya nchi 41 za Afrika kusini mwa Sahara kati ya 1981 na 1999. Walitumia mvua kama kipimo kwa sababu moja ya busara: uchumi ukianguka, huwezi kujua kwa urahisi kama vita ndivyo vilivyouangusha au ni anguko lake lililoleta vita. Lakini vita haviwezi kuizuia mvua kunyesha. Waligundua kwamba ukuaji wa uchumi ukipungua kwa asilimia 5, hatari ya vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka unaofuata huongezeka kwa nusu. Huo si ushahidi wa kupuuzwa. Unatuambia kwamba katika nchi ambazo wengi huishi kwa jembe na mifugo isiyo na maji ya kutegemea ila ya mbinguni, msimu mmoja mbaya ni tukio la kisiasa.

Njia ambazo shida ya shambani hupitia hadi kufika kwenye bunduki nazo zinaeleweka. Ya kwanza ni thamani ya kazi halali. Kijana mwenye ng'ombe ishirini wanaotoa maziwa ana sababu ya kukaa nao. Wakifa kumi na wanane, anayemwalika kwenda kuvamia hahitaji maneno mengi. Ya pili ni kuhama. Watu na mifugo huingia katika nchi ya wengine, na desturi za kukaribishana zikiwa zimevunjika, mgeni huonekana mvamizi. Ya tatu ni udhaifu wa serikali yenyewe: mavuno yakipotea, kodi hupungua, na wilaya za mbali huwa za kwanza kuachwa bila askari, bila dawa na bila barabara.

Wala si ukame peke yake. Wakulima wenzetu wa kahawa wanajua kwamba bei inaweza kukauka kuliko mto. Oeindrila Dube na Juan Vargas walichunguza wilaya za Colombia na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013. Bei ya kahawa ilipoanguka, mapigano yaliongezeka zaidi katika wilaya zinazolima kahawa. Bei ya mafuta ya petroli ilipopanda, mapigano yaliongezeka katika wilaya zenye mafuta. Tafsiri yake ni kwamba kuna umaskini unaosukuma watu vitani, na kuna utajiri unaowaita vitani. Mkulima wa kahawa hupigana, au huandikishwa apigane, pale kazi yake inapokosa thamani. Kwenye mafuta hupiganwa kwa sababu kuna cha kunyang'anya.

Basi hatuwezi kusimama jukwaani na kusema mvua haina neno. Inalo. Ila, mabibi na mabwana, kesi haijaisha kwa kumsikiliza shahidi mmoja.

Mwaka 2010 mtaalamu wa Norway, Halvard Buhaug, aliyapitia upya madai ya kuhusisha hali ya hewa na vita vya Afrika, akahitimisha kwamba vita hivyo huelezwa vyema zaidi na ubaguzi wa kisiasa wa makabila, umaskini na mabadiliko ya dunia baada ya kumalizika kwa Vita Baridi. Mabishano ya wataalamu hao yangali yakiendelea. Lakini ushahidi unaotuhusu zaidi ulitoka hapa kwetu Marsabit. Karen Witsenburg na Wario Adano walichunguza uvamizi wa mifugo huko kwa muda wa miongo kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Waliona kwamba waliouawa walikuwa wengi zaidi katika miaka ya mvua kuliko katika miaka ya ukame.

Wafugaji walio katika ukumbi huu hawashangai. Wakati wa mvua ng'ombe wana nguvu ya kutembea usiku kucha, maji yako njiani, na vichaka vina majani ya kujificha. Wakati wa ukame mnyama aliyekonda hawezi kuswagwa mbali, na mwenye kisima chenye maji anahitajiwa na jirani. Njaa huwalazimisha wazee kukaa chini na kupatana: nani anyweshe leo, nani kesho, nani alipe nini. Kumbe ukame huo huo unaosemekana huleta vita, huleta pia mapatano, mahali penye watu wa kuyafanya na mamlaka ya kuyaheshimu.

Tena tutazame upande wa pili wa nchi. Vita vya ardhi vilipozuka Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, Nandi, kisha vikasambaa hadi Burnt Forest na Molo mwaka 1992, je, ni mvua iliyokosekana? Molo ni nchi ya baridi, viazi na pareto. Kilichobadilika ni kwamba nchi ilikuwa ikielekea uchaguzi wa vyama vingi, na kulikuwa na watu waliotaka kuwahamisha wapiga kura kwa mishale na moto. Kamati Maalumu ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliyachunguza mambo hayo mwaka 1992. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998, iliyarudia, na ripoti yake haikutolewa kwa umma hadi mwaka 2002. Zote mbili zilipata mkono wa wanasiasa na uzembe, au zaidi ya uzembe, wa maafisa wa utawala. Hakuna aliyethubutu kulaumu mawingu kwa yaliyotendeka Molo. Kwa nini basi tuyalaumu kwa yanayotendeka Wajir, Baragoi na Kapedo?

Nizungumzie Wajir, kwa maana huko ukame na siasa vilikutana katika mwaka mmoja.

Mwaka 1991 Serikali ya Somalia ilianguka, na bunduki zikamiminika kuvuka mpaka pamoja na wakimbizi. Mwaka huo huo ndipo sheria za hali ya hatari, zilizoitenga Kaskazini Mashariki tangu miaka ya sitini, zilipoondolewa. Ukame wa 1991 na 1992 ukaua mifugo kwa wingi. Kisha Desemba 1992 ukaja uchaguzi wa vyama vingi, na ugomvi wa kiti cha Bunge ukaingia juu ya ugomvi wa visima na mipaka kati ya Ajuran na Degodia. Koo nyingine nazo zikaingizwa. Watu wakafa kwa mamia, na mji ukagawanyika hata sokoni, ambapo mwanamke wa ukoo mmoja hakuweza kumwuzia maziwa mwanamke wa ukoo mwingine.

Waliouzima moto huo hawakutoka Nairobi. Mwaka 1993 kikundi cha wanawake, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, kilianza hapo hapo sokoni. Walikubaliana kwamba kila mwanamke, awe wa ukoo gani, auze na anunue bila kubughudhiwa, na wakaweka watu wa kuangalia jambo hilo siku hadi siku. Kutoka sokoni waliwaendea wazee, kutoka kwa wazee wakawaendea vijana. Septemba 1993 wazee wa koo walitia saini Azimio la Al-Fatah, lililoweka kanuni za kurudisha mali na kurejesha amani. Mwaka 1995 kazi hiyo ilipata kamati ya amani na maendeleo ya wilaya, ambamo wazee, wanawake, vijana na maafisa wa serikali walikaa meza moja. Nchi nzima baadaye iliiga mfano wa kamati hiyo.

Tuangalie jambo hili kama tunavyoangalia kielelezo mahakamani. Wajir haikupata mvua zaidi kwa sababu ya Azimio la Al-Fatah. Visima havikuongezeka usiku mmoja. Kilichobadilika ni utaratibu: nani ana haki ya kuingia wapi, nani anajibu kwa kosa lipi, na nani ana masikio ya kusikiliza habari za uvamizi kabla haujafanyika. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walipatana Lokiriama, na kumbukumbu ya mapatano hayo huadhimishwa hadi sasa, ingawa ardhi ile ni kavu leo kama ilivyokuwa jana.

Sasa nije kwenye dhima ya serikali. Ukame hupiga pale palipodhoofishwa, na nchi yetu ina maandishi yanayoonyesha ni nani aliyedhoofisha. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali ambapo zitaongeza mapato zaidi, yaani mahali penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme. Waliouandika waliahidi kwamba faida itawafikia wengine baadaye. Waliokaa ng'ambo ya Isiolo wanajua muda wa kungoja hiyo "baadaye". Kwa hiyo mvua ilipokosa Nyeri, mkulima alikuwa na barabara, soko, benki na mtoto aliyeajiriwa mjini. Ilipokosa Turkana, mfugaji alikuwa na fimbo yake tu. Upungufu wa mvua ulikuwa mmoja. Madhara hayakuwa mamoja.

Na serikali ilipokwenda kaskazini, mara nyingi ilikwenda na bunduki. Februari 1984, katika mwaka wa ukame mkubwa, wanaume wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla kwa madai ya kuwanyang'anya silaha, wakazuiliwa kwa siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema mwaka 2013 kwamba huenda waliokufa walikaribia 1,000. Mtu aliyenyang'anywa bunduki na serikali isiyomlinda dhidi ya jirani yake atatafuta nyingine, mvua inyeshe isinyeshe.

Katika Mto Tana tumeona sura nyingine ya jambo hili. Wapokomo hulima kingo za mto. Waorma na Wawardei huleta mifugo mtoni wakati wa kiangazi kupitia njia za kale ziitwazo malka. Ni mpango uliodumu kwa vizazi, wenye ugomvi wake na suluhu zake. Haki ya mmoja ya kulima na haki ya mwingine ya kupita zilikaa katika ardhi ile ile, na kila jaribio la kuipima na kuigawa ardhi hiyo bila kuzitambua haki zote mbili liliamsha hofu. Damu ilimwagika mwaka 2001 na 2002. Agosti 2012, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kijiji cha Reketa kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kiangazi hakikuanza mwaka ule. Malka hazikuanza mwaka ule. Kilichokuwa kipya ni cheti cha ardhi na karatasi ya kura.

Historia ya jirani zetu inatupa somo la mwisho. Mwaka 1973 njaa iliua watu kwa makumi ya maelfu huko Wollo, Ethiopia, huku serikali ya Mfalme Haile Selassie ikiificha. Hapakuwa na Bunge lenye nguvu ya kuiuliza serikali wala gazeti huru la kuandika. Habari ilipotoka nje kwa filamu ya mwandishi wa Kiingereza, Jonathan Dimbleby, aibu hiyo ilichangia kuuangusha ufalme Septemba 1974, na mahali pake ukaja udikteta wa kijeshi na miaka mingi ya vita. Linganisheni na Botswana. Kati ya 1982 na 1987 nchi hiyo ilipigwa na ukame mkali na mavuno yakaanguka vibaya. Lakini ilikuwa na uchaguzi wa vyama vingi, na serikali ilijua kwamba italazimika kujibu mbele ya wapiga kura. Ikatoa chakula, ikalipa ujira kwa kazi za umma, ikawalisha watoto. Watu hawakufa kwa makundi, wala vita havikuzuka. Amartya Sen amesisitiza kwamba baa kubwa la njaa halijapata kutokea katika nchi yenye demokrasia ya kweli na magazeti huru. Tunapodai vyama vingi vyenye maana, ndugu wananchi, tunadai pia chakula.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba vyama vingi pekee vinatosha. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Tulikuwa na vyama vingi, kaunti, magazeti na Katiba mpya. Februari 2023 Serikali ilipeleka wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita: Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu. Sisemi kwamba majambazi wasikabiliwe. Mwananchi wa Kapedo ana haki ya kulindwa sawa na wa Karen. Ninauliza tu: kwa nini bunduki ya serikali hufika kwa lori, na bima ya mifugo hufika kwa miguu?

Maana bima hiyo ipo. Mwaka 2010 ilianzishwa Marsabit bima ambayo haihitaji mtu kwenda kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa. Mwaka 2011 waliokata bima hiyo walilipwa kwa mara ya kwanza. Kai Gehring na Paul Schaudt walipolinganisha sehemu zilizokuwa na bima na zisizokuwa nayo katika kaskazini mwa Kenya, waliona kwamba ukame ulizaa mapigano machache zaidi palipokuwa na bima. Hapo ndipo kiini cha kesi hii kilipo. Mnyororo kati ya mvua na mauaji unaweza kukatwa, na kwa kuwa unaweza kukatwa, asiyeukata anapaswa kujibu.

Basi tudai nini? Nitataja mambo manne, nayo yote yamo ndani ya sheria tuliyo nayo.

Kwanza, Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Hiyo ni haki, si sadaka. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa za tahadhari mapema. Tudai kwamba taarifa ya tahadhari ifuatwe na fedha ndani ya muda uliowekwa na sheria, kabla ng'ombe wa kwanza hajaanguka.

Pili, Ibara ya 204 iliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Iliwekewa miaka 20, na kwa miaka mingi fedha zake zilikawia kuwafikia walengwa. Kila mbunge aulizwe hadharani zimefika wapi.

Tatu, Ibara ya 63 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 zinatambua malisho kuwa ardhi ya jamii. Jamii zisaidiwe kuandikisha ardhi hiyo, na njia za mifugo na malka ziandikwe humo, ili kupita kwa mmoja kusiwe kunyang'anywa kwa mwingine. Mapatano ya wazee yapewe nguvu bila kumfunika muuaji: fidia ya ngamia haipasi kuwa tiketi ya kukwepa mahakama.

Nne, wachochezi washtakiwe. Uhuru wa kusema chini ya Ibara ya 33 haukufunika uchochezi wa vita. Anayenunua risasi, anayesafirisha ng'ombe walioibwa kwa malori hadi machinjioni mijini, na anayetaka jirani wahame kabla ya uchaguzi, hao wana majina na wana namba za simu. Miaka zaidi ya 30 tangu Meteitei, mashauri dhidi ya wakubwa wa aina hiyo ni haba mno.

Bwana Mwenyekiti, wataalamu wanatuambia kwamba dunia inazidi kupata joto na kwamba misimu yetu itazidi kuyumba. Viongozi watakuwa na kisingizio kipya na kikubwa zaidi kuliko vyote walivyopata kuwa navyo. Watakwenda kwenye mikutano ya kimataifa kuomba fedha kwa jina la wafugaji wetu, na ni haki yetu kuzidai, kwani si mfugaji wa Lodwar aliyeichafua anga. Lakini wakirudi, tuwaulize kila senti. Na siku watakapotuambia tena kwamba watu wameuawa na ukame, tuwaulize maswali ambayo wakili yeyote mchanga angeuliza: Nani alijua? Alijua lini? Alikuwa na uwezo gani wa kuzuia? Na kwa nini hakuzuia?